Mwenye Kitabu Si Mwenye Meza

Kumi na saba yangu niliipata kwa haki. Nilirusha dadu tatu mbele ya watu watatu, juu ya meza ya mbao barazani, Area D, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Zikatua sita, sita na tano. Mwenye kitabu akaandika 17 kwenye karatasi yangu, pembeni ya neno "nguvu". Kisha akafunua kurasa, akasoma kimya, akachukua raba, akafuta, akaandika 14. Akapuliza uchafu wa raba, ukaniangukia mapajani.

Miaka mingi imepita. Nikikumbuka ule uchafu wa raba kwenye sketi yangu ya kanisani, damu bado inanichemka.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Dodoma yalikuwa yameanza kujaa vitu tulivyokuwa tumesahau kama vipo, nguo za mitumba zilimwagwa chini kila mnada, na kila aliyekuwa na chumba cha mbele alikuwa anatoboa dirisha la kuuzia kitu. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, nimepanga chumba Miyuji. Mwenye kitabu alikuwa karani wa kuandika taarifa za vikao, mtu wa makamo, msomi, mwenye mke na watoto na nyumba ya serikali. Mzungu mmoja aliyekuwa akichimba visima vijijini alimaliza mkataba, akauza friji na baiskeli, vitabu akavigawa bure. Karani akaondoka na sanduku zima, na ndani yake kikawamo kitabu kinene chenye picha ya joka, pamoja na kifuko cha dadu.

Ulikuwa mchezo ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuusikia. Hauna ubao. Mmoja anaongoza: anaeleza mahali mlipo, mnachokiona, kinachowajia. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, aliyeandikwa kwenye karatasi, nguvu zake, akili zake, alichobeba. Unasema mtu wako anafanya nini, na jambo likiwa la mashaka unarusha dadu, namba inaamua. Hadithi inatungwa na meza nzima. Karani alikuwa anaongoza kwa sababu kitabu ni chake na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko chetu. Tuliobaki tulikuwa watatu: mimi, jirani yangu wa chumba cha pili (mama wa Kondoa aliyekuwa na kibanda cha khanga na vitenge sokoni, niliyemwita dada), na mwanafunzi mmoja wa chuo kutoka Tukuyu, kijana mpole aliyependa kucheka kabla ya kusema.

"Mbona unafuta?" nilimuuliza karani.

"Mtu wako umesema ni mwanamke."

"Ndiyo, ni mwanamke."

"Basi. Kitabu kinasema nguvu za mwanamke zisizidi kumi na nne. Mwanamume anafika kumi na nane."

"Nani kasema?"

"Kitabu, mdogo wangu. Sikutunga mimi."

Dada wa Kondoa akasema, "Aliyekitunga hajafika kwetu." Mwanafunzi akacheka. Mimi sikucheka. Mama yangu alikuwa akifanya kibarua mashamba ya zabibu Makutupora kila msimu wa kuvuna, na mimi nilikulia humo humo. Msimamizi alikuwa na kanuni yake: wanawake wachume na kusomba makreti mpaka barabarani, lakini kupakia lori ni kazi ya wanaume, kwa kuwa wanawake hawana nguvu. Siku moja lori lilichelewa, wapakiaji wakawa wameshaondoka, na zabibu zilikuwa zinaanza kulainika kwa jua. Siku hiyo nguvu za wanawake zilipatikana ghafla. Nilimwona mama akirusha kreti juu ya lori kama anarusha mto wa kulalia, na alipomaliza msimamizi akamwambia, "Leo tumebahatika." Hakusema asante wala pole.

Lakini nilinyamaza. Mchezo ulikuwa mtamu, na wiki nzima nilikuwa nakaa mbele ya mashine nikipiga nyaraka zinazoanza na "Kuanzia sasa", nyaraka ambazo sikuruhusiwa kuhamisha hata koma. Jumapili ilikuwa siku pekee ya kusema "mtu wangu anafanya hivi" na ikawa. Nikamchukua mwanamke wangu wa nguvu kumi na nne, nikaenda naye.

Mwezi wa pili wa mchezo tukafika nchi ya theluji. Kitabu kilikuwa na ukurasa mzima wa kanuni za theluji: inafika magotini, inafunika njia, kila saa mrushe dadu kuona nani ameganda. Mwanafunzi akauliza, "Kuganda kama nyama ya kwenye friji, au kama maji?" Karani akaeleza. Hatukuelewa. Akaeleza tena, naye mwenyewe akachanganyikiwa, maana theluji alikuwa ameiona kwa mbali tu, juu ya mlima. Mwisho akafunga ukurasa akasema, "Basi, iwe vumbi. Upepo wa Agosti, vumbi hamuoni hata mkono." Hapo sote tukajua la kufanya. Tukafunga vitambaa usoni, tukapita tumeshikana mikono, na ikawa Jumapili nzuri kuliko zote.

Niliporudi nyumbani ndipo hasira zikanipanda. Kumbe kitabu kinaweza kubadilishwa. Kilibadilishwa dakika ile ile kilipomsumbua yeye.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Mtu wa dada wa Kondoa alikuwa mzee mwongoza misafara, ana fimbo na kobazi, anajua njia zote. Dada alikuwa amempenda mzee huyo kuliko sisi tulivyowapenda wetu. Alikuwa akimsemea kwa sauti nzito, na akimkohoza. Jumapili moja mzee akakanyaga kifuniko cha shimo. Dada akarusha dadu, namba ikatoka ndogo.

"Amekufa," karani akasema, na akamsogezea karatasi mpya. "Tengeneza mwingine."

Dada hakuigusa. "Na huyu?"

"Huyu kaisha."

"Nani amemzika?"

Karani akacheka. Hakucheka kwa ubaya, nadhani, lakini alicheka. "Dada, huyo ni wa karatasi. Kitabu hakina mambo ya mazishi. Wenzako wanaendelea na safari, wewe tengeneza mwingine uwafuate."

"Mtu akifa anaoshwa, anasaliwa, anazikwa," dada akasema. "Mume wangu lori lilipinduka naye njia ya Kondoa. Nilipofika walishamzika watu wasiomjua. Kaburi nilionyeshwa kwa kidole. Sasa huyu mzee mimi simwachi shimoni."

Nilimtazama karani nikingoja aseme neno moja tu, "sawa, tumzike." Ingemgharimu nini? Akageuza kurasa, kweli akageuza kurasa, kama mtu anayetafuta humo ndani ruhusa ya kuwa na utu. Kisha akasema, "Tutapoteza muda." Dada akafunga khanga yake vizuri, akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Nikamfuata. Njia nzima mpaka Miyuji nilikuwa nasema mwenyewe kama mwehu.

Wiki ile nilimwomba karani kitabu. Nilimdanganya kwamba nataka kumpigia chapa majedwali ya silaha yawe safi. Akafurahi, akanipa. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona kwa macho yangu kama kweli hakina mazishi. Nilikaa nacho jioni tatu, na kamusi pembeni. Mazishi hayakuwamo, alisema kweli. Ile kumi na nne ilikuwamo pia, na sababu yake haikuelezwa popote. Lakini katika kurasa za mwanzo kabisa, ambazo hakuwahi kutusomea, mtunzi alikuwa ameandika kwamba kanuni zote ni msaada tu, kila meza ibadili kisichoifaa, mchezo ni wa wanaoucheza.

Na maneno hayo yalikuwa yamepigiwa mstari. Kwa penseli nyekundu, ile ile aliyokuwa akitumia kusahihishia taarifa zake za vikao.

Niliutazama ule mstari wa penseli mpaka macho yakauma. Angekuwa hajaona, ningemsamehe. Aliona, akaelewa, akaona ni muhimu kiasi cha kupigiwa mstari, kisha akatuficha.

Jumamosi nilimrudishia nikiwa nimefungua ukurasa ule ule.

"Umeupigia mstari mwenyewe," nilimwambia.

"Ndiyo, niliusoma."

"Mbona hukutusomea?"

"Ningewasomea, kila mtu angetaka lake. Leo mazishi, kesho harusi. Lazima awepo mtu wa kusema hapana."

"Na mtu huyo ni wewe."

"Kitabu ni changu, mdogo wangu."

"Kitabu ni chako. Baki nacho."

Tukahamia kibandani kwa dada, Jumapili mchana soko likiwa limepoa. Mwanafunzi akatufuata bila kuombwa. Dadu tulinunua za ludo. Kuongoza tukawa tunapokezana. Jumapili ya kwanza hatukusafiri popote: tulimtoa yule mzee shimoni. Mwanafunzi, Mkristo wa watu, akauliza maji yawekwe wapi, sanda itoke wapi, na dada akamwelekeza taratibu, hatua kwa hatua, mpaka tukamfukia. Hakuna dadu iliyorushwa. Dada hakulia. Alipomaliza akatandaza vitenge vyake upya kana kwamba wateja wanakuja.

Baada ya hapo ndipo tukaandika kanuni zetu. Tangu wakati huo nimekutana na wachezaji wengine wa michezo hii, vijana wa siku hizi wenye vitabu vya rangi, na wengi wanaamini watu hutunga kanuni zao wenyewe kwa uvivu, au kwa kutaka mteremko. Huwa nawakatiza. Meza nilizokaa mimi, kila kanuni iliyoongezwa ilikuwa na mtu nyuma yake aliyeumizwa, na wenzake wakaona. Watu wakiumia na wenzao wasione, hawatungi kanuni. Wanaondoka tu.

Lakini nisijisifu. Kanuni zetu zilipofika tano, mwanafunzi akaomba ya sita. Yeye alikuwa na mkosi na dadu, sijapata kuona. Akasema, "Tuseme mtu akirusha vibaya mara tatu mfululizo, apewe ya nne bure."

"Hapana," nikasema. "Zilizopo zinatosha. Tukifungua mlango huo hatutaufunga."

Dada akaacha kukunja kitenge. Akanitazama. "Umeshaanza," akasema.

Niliona aibu mpaka masikioni. Kijana tukampa kanuni yake. Nikaongeza na yangu: mgeni hakai mezani mpaka wote wakubali. Nilijua kabisa namfungia nani mlango.

Sasa kosa langu. Nilitaka kila mtu awe na nakala, nikazipiga kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala nyingi, ofisini saa ya chakula. Karatasi ya serikali, mashine ya serikali. Hilo lilikuwa kosa na nalikubali. Nikaitwa ghafla chumba cha faili, nikaiacha stensili kwenye mashine. Niliporudi, mkuu wa utumishi alikuwa amesimama pale ameiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Njoo ofisini kwangu," akasema.

Nilimsalimu, hakuitika. Akasoma kwa sauti. "'Kanuni ya kwanza: hakuna mwanamke atakayepunguziwa nguvu kwa sababu ni mwanamke. Kanuni ya pili: safari haiendelei kabla maiti hajazikwa. Kanuni ya tatu: mwenye kitabu si mwenye meza.'" Akaivua miwani. "Hiki ni chama gani?"

Vyama vingi vya siasa ndiyo kwanza vilikuwa vimeruhusiwa, na mtumishi wa serikali kuonekana na karatasi kama hiyo lilikuwa jambo zito.

"Ni mchezo, mzee."

"Mchezo una maiti?"

Nikaeleza. Nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Majoka, mashimo, wazee wa karatasi wanaozikwa kwa sanda ya karatasi. Nikaona usoni mwake chama kinaondoka, uchawi unaingia. Nikamtaja karani. Nikasema yule mtu mzima, msomi, anaheshimika, kitabu ni chake, yeye ndiye aliyetufundisha, mpigie simu umuulize. Akapiga mbele yangu. Mimi nilisikia upande mmoja tu.

"Unamfahamu binti mmoja, mpiga chapa wangu? ... Anasema mna mchezo wenu ... Aha ... Aha ... Hapana, nilitaka uhakika tu. Asante, ndugu." Akaweka simu. "Anasema anakufahamu kwa sura."

Kwa sura! Nilikuwa nimekaa kwenye baraza lake Jumapili kumi na kitu. Mke wake alikuwa akitupakulia wali. Mtoto wake wa mwisho alikuwa akilala mapajani kwangu.

Uamuzi ulikuwa barua ya onyo. Wapiga chapa tulikuwa wawili, mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Kwa hiyo rasimu ililetwa mezani kwangu, na barua ya kunionya mimi nikaipiga mimi, nakala tatu, karatasi za kaboni katikati. Katika mstari wa nne mkuu alikuwa amekosea, ameandika "utovu wa nizamu". Nikamsahihishia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko barua yenyewe: kwamba mikono yangu ilisahihisha, bila kuniuliza, ili onyo langu lisiwe na kosa.

Mwaka uliofuata likaja jambo la kupunguza wafanyakazi. Ofisi zote zilikuwa zinatafuta wa kuwatoa, na katika yetu walianza na wenye onyo kwenye faili. Mkuu hakunitazama usoni alipokuwa akinipa karatasi yangu. Nikakusanya vitu vyangu: kikombe, kalenda, sweta ya asubuhi za Julai. Watu wananiambia hata bila onyo ningetoka tu, wapiga chapa wengi walitoka. Huenda. Sikupewa nafasi ya kujua.

Nilipata mashine kuukuu, nikaiweka mbele ya kibanda cha dada, nikawa napigia watu maombi ya kazi, hati za kuuziana viwanja, wosia. Nilipata riziki. Jumapili tulicheza.

Ndipo karani akaja. Alikuwa amekonda. Akasimama juani nje ya kibanda, mikono mitupu, akatusalimia sote watatu, akabaki ananitazama mimi.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema. "Siku ile ya simu, hata ofisini kwetu walikuwa wanatafuta sababu za kuondoa watu. Niliogopa. Nina watoto."

"Nilihitaji neno moja tu."

"Najua."

"Ungesema 'ni mchezo'. Maneno mawili."

"Najua, mdogo wangu. Nisamehe." Kisha, kwa sauti ya chini, "Jumapili zimekuwa ndefu. Naomba nikae. Sitaongoza. Nipeni mtu yeyote, hata mbeba mizigo."

Dada akasogea kwenye benchi kumpa nafasi. Mwanafunzi akaitazama meza. Nami nikasema, "Radhi umepata. Kukaa, hapana. Kanuni yetu ni wote wakubali, na mimi sijakubali."

"Mwache akae," dada akaniambia. "Mtu amejileta mwenyewe."

"Hapana."

Karani akainamisha kichwa, akaondoka akipita kati ya meza tupu za wauza nyanya. Nikazikusanya dadu mezani. Siku ile hatukucheza tena.

Mwanafunzi alimaliza chuo mwaka ule ule, akarudi kwao. Tukabaki wawili, na wawili si meza. Tulijaribu, mmoja anaongoza na mwingine anasafiri peke yake, lakini kila mara tuliishia kupiga soga za kawaida. Tungekuwa watatu, pengine tungeendelea miaka. Hilo nalijua, na dada alilijua, na kwa muda mrefu hakulisema.

Alilisema siku anahama. Kaka yake alikuwa amefungua duka Kondoa na akamtaka wasaidiane. Nilimsindikiza stendi asubuhi, nikambebea furushi moja la vitenge, yeye akabeba mawili. Tulipokuwa tunangoja wapakie mizigo juu ya basi, akanishika mkono.

"Ungemruhusu akae," akasema.

"Nilishindwa, dada."

"Sikulaumu. Nasema tu."

"Mpaka leo nashindwa. Nikikutana naye njiani naitika salamu, basi."

"Hasira yako ina haki," akasema. "Ila ni nzito, na unaibeba mwenyewe."

Utingo akaita abiria. Akapanda, akapata kiti cha dirishani upande wangu, akanipungia kwa ncha ya khanga mpaka basi lilipokunja kona. Nikarudi sokoni kwa miguu. Kulikuwa na mzee ananingoja kibandani na barua ya kudai kiwanja chake, amekuja kupigiwa chapa kwa mara ya tatu. Nikamwamkia, nikavuta kiti, nikaweka karatasi kwenye mashine.